Moshi Chini ya Kanga

Naandika haya kwa mwanamke ambaye sasa hivi amekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, anasoma simu kwa jicho moja kwa sababu akifungua yote mawili dunia inazunguka. Nilikaa hapo. Sitakufundisha udaktari, maana siujui, na wale waliokuwa wanaujua niliwadanganya. Nitakueleza yaliyonipata tu, nawe uchukue linalokufaa.

Naitwa Mwanaidi, mtu wa Tanga. Mwaka wa pili wa korona tulikuwa tunaishi Granville, magharibi mwa Sydney, Australia, ghorofa ya pili, mimi, mume wangu Athumani na binti yetu Rahma aliyekuwa na miaka minane. Athumani anaendesha lori la makontena kwenye bandari ya Port Botany. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilisha. Uchafu wa watu wengine nimeusafisha miaka sita bila kukunja pua. Nakwambia hivi ujue kwamba mimi si mwanamke wa kudeka.

Baada ya Rahma tulitafuta mtoto wa pili mpaka tukaacha kuhesabu miezi. Mimba mbili zilitoka zikiwa changa. Hii ya tatu iliponishika, kumi la mwisho la Ramadhani, nilisujudu nikalia kwa furaha, na kabla sijamaliza kulia nikakimbilia chooni. Sikutoka humo kwa miezi mitano, ukiniuliza ukweli.

Siku ya Idd Athumani alipika pilau mwenyewe, masikini, akaunguza vitunguu. Harufu ilinifuata bafuni ikapita chini ya mlango. Rahma alikuja amevaa gauni lake jipya akasimama pale nje.

"Mum, are you coming or not?"

"Nakuja, mama."

"You said that before."

Sikwenda. Nilisikia wakila wawili peke yao, na sahani yangu nilijua wameifunika.

Ng'ambo ya barabara yetu kuna duka la kuku wa kuchoma. Kabla ya mimba nilikuwa mteja wao. Sasa wakiwasha mkaa saa tatu asubuhi mimi natapika mpaka jioni wakizima. Nilitapika chakula, kikaisha. Nilitapika maji, yakaisha. Nilitapika nyongo ya kijani, halafu damu kidogo kwa sababu koo lilikuwa limechubuka. Mate yalinijaa kinywani siwezi kuyameza, natembea na kopo kama mzee wa tambuu. Mishipa ya macho ilipasuka, jicho moja likawa jekundu lote, Rahma akawa hanitazami usoni. Pete ya ndoa ilinidondoka kwenye sinki nikiwa nasukutua. Athumani alifungua bomba la chini kwa spana akaitoa, akaitia kwenye kabati. Nilikuwa kilo sitini na mbili. Mwanzo wa Juni nilikuwa hamsini na moja.

Majira yale mimi siyahesabu kwa tarehe. Nayahesabu kwa dripu. Dripu ya kwanza ilikuwa wiki ya Idd. Ya pili na ya tatu zilifuatana. Hospitali walikuwa wamebandika alama za X kwenye viti ili watu wasikaribiane, na Athumani hakuruhusiwa kuingia, anabaki kwenye maegesho ndani ya gari, tunatazamana kwenye simu. Kama hujawahi kutapika ukiwa umevaa barakoa, mshukuru Mungu. Mlinzi ananiambia niivae vizuri, natapikia ndani, nakimbia kutafuta nyingine, nakuta kiti changu kimekaliwa. Nesi mmoja mzee alinikuta natetemeka kwenye korido akaniletea blanketi lililotoka kwenye kabati la joto, akanifunika mpaka kidevuni, akaenda zake. Jina lake silijui. Katika dua zangu namwita yule wa blanketi.

Dripu ya nne daktari alikaa pembeni ya kitanda. Mkalimani wa Kiswahili alikuwa kwenye simu, mwanamume, sauti ya Kikenya. Daktari alisema maneno taratibu na mimi niliyaelewa kabla hayajatafsiriwa. Mkalimani akayarudia hata hivyo.

"Daktari anasema, mama, wanawake wengine hali ikifika hapa huamua kuitoa. Anasema ni uamuzi wako, hakulazimishi."

"Mwambie sitoi."

Alinipa vidonge vipya. Nyumbani nikaisoma ile karatasi ya ndani, herufi ndogo, madhara yote yamepangwa pale moja baada ya lingine, na neno ujauzito likiwa na onyo lake. Nikaogopa. Nilimeza viwili, vingine nikavificha kwenye droo. Nilikuwa nimepoteza wawili na sikutaka kumpoteza huyu kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo alipokuja Zuhura.

Zuhura ni binti wa mama mdogo, anakaa Canberra, mji mkuu wenye sheria zake, anafanya kazi ya kusafisha maofisi. Alikuja na basi kuniona, akanikuta nimejikunja kwenye kochi na kopo langu, akasimama mlangoni akashika kiuno.

"Dada Mwana, hivi unangoja nini, ufe?"

"Nangoja miezi mitatu ipite. Wanasema itaacha."

"Itakuacha wewe kwanza." Akafungua mkoba akatoa kopo la majani ya chai. Ndani hayakuwa majani ya chai. "Jirani yangu kapanda nyuma ya nyumba. Mke wake alikuwa hivi hivi, kavuta, kapona, kala, kazaa."

"Bangi, Zuhura? Mimi? Niwe mhuni wa kijiweni?"

"Mhuni yuko wapi? Canberra sheria imeruhusu. Mtu mzima unapanda miche yako miwili, polisi anapita anakusalimia."

"Hata mjamzito?"

"Kwani mjamzito si mtu mzima?" Alicheka, kisha akaona sicheki, akakaa karibu yangu. "Dada, hawa watu wanakutoza faini ukipanda baiskeli bila kofia. Kingekuwa kitu kibaya wangekiruhusu?"

Mantiki hiyo iliniingia. Leo najua kwamba pombe nayo imeruhusiwa na sigara zinauzwa pale kituoni, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo ni chakula cha mtoto tumboni. Sheria ya Canberra iliamua nani asikamatwe. Haikusema chochote kuhusu mwanangu. Lakini mtu mwenye njaa ya mwezi mzima hafikiri hivyo. Vile vidonge vilikuwa na karatasi ya madhara. Bangi haikuwa na karatasi.

Kuvuta, hata hivyo, sikuweza. Mwanamke wa kwetu kushika msokoto mdomoni, hata peke yake chumbani, mwili wenyewe unakataa. Nilijaribu mara moja nikakohoa nikaona haya, utadhani marehemu bibi yangu amesimama pembeni. Na wiki hiyo hiyo mama yangu alikuwa amepiga simu kutoka Tanga. Kule kila nyumba ilikuwa ina nyungu jikoni, watu wanajifukiza asubuhi na jioni kwa ajili ya korona.

"Jifukize, mwanangu," alisema, simu iko kwenye spika, Athumani anasikia. "Weka udi, jifunike, vuta pumzi. Hicho ni kijicho cha watu kimekuingia."

Athumani alifurahi kupata kazi ya kufanya, maana mwanamume akimwona mkewe anakauka na yeye hana la kushika anakuwa kama mgonjwa wa pili. Alikwenda kununua vile vidonge vya mkaa wa shisha kwenye duka la Walebanoni. Chetezo cha kufukizia udi tulikuwa nacho, kile cha harusi yetu. Kila alfajiri kabla ya kwenda bandarini aliwasha kidonge kwenye jiko la gesi, akakiweka kwenye chetezo, akaniletea chumbani na udi pembeni, akanibusu kwenye paji la uso.

Mlango ukifungwa, yeye hajui, mimi natia udi kidogo, na juu ya udi natia yale majani ya Zuhura. Najifunika kanga mbili. Navuta pumzi. Kengele ya moshi ya darini niliifunika kwa kofia ya plastiki ya kuogea.

Basi ndivyo nilivyofanya. Kitu nilikiondoa kwenye kidole cha mhuni nikakiweka kwenye chetezo cha bibi harusi, nikaona kimetakasika. Sikuvuta bangi mimi. Nilijifukiza. Niliamini hivyo kabisa, na nataka unielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipopotelea.

Na ilifanya kazi. Siku ile ya kwanza nilitoka chini ya kanga kichwa chepesi, nikaenda jikoni, nikala nusu chapati na chai ya rangi. Nikakaa kwenye kiti nikingoja vitoke. Havikutoka. Nilipiga kelele nikamwita Rahma aje anione nimekula. Tulishikana mikono tukaruka ruka pale jikoni. Nilikuwa na furaha, sitasema uongo, nilifurahi kuliko siku ya kipimo cha mimba.

Mkunga alipiga simu kunifungulia faili wiki mbili baadaye. Tulikuwa tumeshafungiwa ndani, mitaa yetu ya magharibi ikibanwa kuliko mingine, helikopta inazunguka juu, na wao hospitali wanafanya kwa simu kila kinachowezekana. Mkalimani alikuwa kwenye laini.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Bangi, au dawa zozote za kulevya?"

Niliudhika. "Mwambie mimi Mwislamu, mke wa mtu. Sivuti kitu."

Nakuapia sikuwa nadanganya. Chetezo kilikuwa mezani mbele yangu, bado cha moto, na wala hakikunipitia akilini.

Julai ilikuwa baridi. Nilijifukiza asubuhi, baadaye na mchana. Nilikula, si sana, lakini nilikula. Jirani yetu wa chini, Mama Divine, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala, alikuwa akiacha chakula mlangoni, anagonga, anarudi nyuma hatua nne na barakoa yake. Sombe yake, yaani kisamvu, ilinishinda kwa harufu. Akajua bila kuambiwa, akaanza kugandisha maji ya tangawizi kwenye vikopo vya barafu.

"Mama Rahma, nyonya tu hii, polepole. Usiogope. Mungu iko."

Barafu zile zilinifaa kuliko maneno ya watu wote wa nyumbani kwenye simu.

Agosti waliniita niende mwenyewe, kwa sababu tumbo lilikuwa halikui. Mkunga alipitisha utepe wa kupimia juu ya tumbo, akaupitisha tena, akaandika. Alikuwa msichana mdogo, macho mazuri juu ya barakoa. Akamwita mkalimani kwenye simu akaiweka kwenye spika katikati yetu.

"Nataka kukuuliza tena maswali fulani," mkalimani alitafsiri, na safari hii ilikuwa sauti ya mwanamke. "Hakuulizi ili akuhukumu. Yeye si polisi. Anataka ajue namna ya kumwangalia mtoto. Kuna chochote unavuta, unakula, au kinavutwa nyumbani kwako? Hata bangi?"

Kufikia hapo nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimesoma kwenye simu, nikafunga, nikasoma tena. Nilijua kwamba pafu la mtu haliulizi moshi umetoka kwenye msokoto au kwenye chetezo. Nilifungua mdomo kusema. Nadhani neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Lakini ile sauti niliijua. Wakalimani hawataji majina, wanasema namba tu, ila watu wa mwambao Sydney nzima tunajuana. Ilikuwa sauti ya yule mama anayepaka hina kwenye harusi zetu. Alinipaka mimi mikono harusi ya shemeji yangu, akanisimulia habari za kila nyumba, nami nikacheka. Nikaona Idd ijayo, wanawake wote wamekaa kwenye mikeka, nami naingia. Nikamwona afisa ustawi mlangoni, anamshika Rahma mkono, maana hadithi za watoto kuchukuliwa nazo zilikuwa zinazunguka kwenye simu zetu.

"Hapana," nikasema.

"No," akatafsiri, kwa upole.

Huyo mama huenda asingemwambia mtu. Wameapishwa, baadaye niliambiwa, na akitoa siri anapoteza kazi. Sikumpa nafasi ya kuwa mwaminifu.

Nilirudi nyumbani nikaacha. Kopo nililitia kwenye mfuko wa takataka, nikamwambia Athumani asiwashe mkaa. Kesho yake nikatapika mara kumi na moja. Kesho kutwa sikuweza kusimama kumpikia mtoto. Siku ya nne hata barafu ya Mama Divine ilirudi. Siku ya tano nilishuka mwenyewe ngazi, nimeshika ukuta, nikafungua pipa la takataka la jengo, nikautafuta mfuko wangu mpaka nikaupata, na kesho yake mkaa ukawashwa tena. Nilikuwa nimevaa kanga ya mama yangu. Nikisikia watu wakisema wanawake wa namna hii ni wazembe, huwa namkumbuka yule mwanamke kwenye pipa, namwonea huruma, halafu namchukia, halafu namwonea huruma.

Mwisho wa Septemba mtoto akaacha kucheza. Utrasaundi ilionyesha damu haimfikii vizuri. Nililazwa. Athumani alikuwa anapimwa korona puani kila baada ya siku tatu kwa sababu ya kazi, akiwa na cheti anaruhusiwa saa moja, bila cheti anakaa kwenye maegesho. Ijumaa asubuhi mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, wakanikimbiza chumba cha upasuaji. Nilikuwa na wiki ishirini na nane.

Alizaliwa mzima. Tulimwita Juma, kwa siku yake. Hakufika kilo. Urefu wake ulikuwa wa kiatu cha baba yake, ngozi nyekundu inayoonyesha kila mshipa, na masikio kamili, mazuri, ya ukoo wa Athumani.

Wiki ile ile Sydney ilifunguliwa. Kwenye televisheni ya wodi watu walipanga foleni kunyolewa, wanakumbatiana, wanainua glasi. Mimi nilikuwa nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko ili niruhusiwe kuweka kidole kimoja ndani ya kile kisanduku cha joto. Juma alikishika. Kidole chote hakikuenea mkononi mwake, lakini alishika.

Daktari wa watoto alitujia siku ya pili. Athumani alikuwapo, saa yake moja. Daktari hakutumia mkalimani, alizungumza polepole, nami Kiingereza hicho nilikimudu.

"Kuna chochote ulitumia wakati wa mimba? Dawa, mitishamba, moshi, chochote. Ni kwa ajili yake tu. Tukijua, tunajua tuangalie nini."

Athumani aliniangalia, hana wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayengoja jibu analolijua.

"No," nikasema. "Nothing."

Lile la kwanza lilikuwa ujinga. La pili lilikuwa woga. Hili la tatu mtoto wangu alikuwa amelala mbele yangu na bomba puani, na nililisema ili mume wangu aendelee kuniangalia vile.

Juma aliishi siku kumi na tisa. Siku ya saba tungemnyoa na kuchinja, hatukufanya, tukasema tutafanya akitoka. Siku ya kumi na mbili alivuka kilo, nesi akachora nyota kwenye karatasi yake. Siku ya kumi na saba tumbo likavimba, likabadilika rangi. Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, walituruhusu kukaa wote wawili pamoja bila kikomo cha saa kwa mara ya kwanza, na hapo nikaelewa. Waliondoa mabomba moja moja wakanipa. Ndiyo siku niliyoona uso wake mzima bila plasta. Athumani alimsomea sikioni mpaka sauti ikamwishia. Alikuwa mwepesi mno. Nilimwambia naomba radhi, na Athumani alidhani ni yale maneno ambayo kila mama husema.

Wanaume walimzika, wachache walioruhusiwa. Mijakaranda ilikuwa imechanua mji mzima, zambarau kila mahali, nami tangu hapo siipendi rangi hiyo. Siku ya pili baada ya mazishi, nilipoacha kumkamulia Juma, maziwa yakajaa. Mwili hauna habari. Matiti yakawa mawe, nguo zinalowa, nami nalala chali siwezi kugeuka kwa mshono. Mama Divine alipanda na kabichi baridi kutoka kwenye friji yake, akabandua jani moja moja akaniwekea kifuani kupoza uvimbe, akaketi chini. Hakusema Mungu iko. Alikaa tu mpaka Rahma akarudi.

Baada ya wiki sita walituita kwa daktari kueleza yaliyotokea. Kondo la nyuma lilikuwa limechoka mapema, alisema, mtoto hakupata cha kutosha. Athumani aliuliza kwa nini.

"Mara nyingi hatujui. Alitapika sana, hakula. Hakuvuta, hakutumia chochote..." Alikuwa anasoma kwenye faili langu. Imeandikwa hapana, hapana, hapana.

"Nilitumia," nikasema.

Nilieleza yote kwa Kiingereza changu kibovu, nikitazama meza. Mkaa, udi, bangi, kanga, mlango uliofungwa, kila siku, miezi minne. Daktari aliacha kuandika. Kisha akaandika. Nikamuuliza kama ni mimi.

"Inawezekana ni bangi," alisema. "Inawezekana ni moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa, huo peke yake ni hatari. Inawezekana ni njaa. Inawezekana ingetokea vyovyote. Siwezi kukuambia ni wewe, na siwezi kukuambia si wewe. Pole sana."

"Hata kwa vipimo?"

"Hata kwa vipimo. Sasa hivi hapana."

Athumani akanigeukia.

"Kwa hiyo mkaa," alisema, kwa Kiswahili, kwangu mimi, "nilikuwa nawasha mimi."

Hilo sikuwa nimeliona. Kwa miezi yote ile nilikuwa nabeba dhambi yangu nikidhani ni yangu peke yangu.

Hakuniacha. Watu huuliza, kwa hiyo nasema. Anakwenda Port Botany, anarudi, tunazungumza habari za shule ya Rahma na nani atamfuata. Usiku analala ametazama ukuta. Zuhura alipiga simu, nikamwambia sikulaumu, akalia, nami nilimaanisha. Tangu siku hiyo hakupiga tena. Kazini nilirudi baada ya miezi mitatu, na wazee wangu wawili walikuwa wamekufa.

Kama unangoja niseme nimepona, mwili umepona. Kilo zimerudi, jicho limekuwa jeupe. Pete bado iko kwenye kabati.

Majira ya baridi yaliyofuata Mama Divine, ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote, alinigongea. Mpwa wake Aline, miaka ishirini na mbili, mwanafunzi, anakaa na wenzake kwenye nyumba ya kupanga kule Kensington, alikuwa amekuja kwake na mimba ya wiki tisa na ndoo. Nilishuka. Nilimkuta sakafuni bafuni, mgongo ukutani. Nilikaa sakafuni na mimi.

Alinieleza haraka, kwa sauti ya chini, shangazi yake asisikie. Wenzake wanavuta, wamempa, anavuta kidogo asubuhi.

"Kila mutu anasema ni kitu ya kawaida sasa, tantine. Canberra banaruhusu. Ma docteur wenyewe banaandikia batu." Akajifuta mdomo. "Tante Mama Divine aliniambia weye ulifanyaka vile. Ilikusaidia kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema haikusaidia. Lingekuwa jambo jepesi, na kwa faida yake. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa faida.

"Ilisaidia," nikasema. "Nilikula."

Kisha nikamweleza habari za Juma, tangu kanga mpaka kabichi. Sikulia. Nikamwambia vile vidonge vya hospitali nilivyoviogopa, kama visingefaa, ningepaswa kurudi na kusema havifai, wanavyo vingine. Nikamwambia mkunga ndiye wa kuambiwa, leo, kabla hajazoea kunyamaza.

"Na bakinyanganya mutoto?"

"Sijui," nikasema, kwa sababu sikujua. "Mimi sikuwaambia, na hakubaki wa kunyang'anywa."

Aliniangalia, kisha akavuta simu. Saa hiyo hiyo alikuwa na miadi ya simu na mkunga ya kufunguliwa faili. Akaiweka kwenye spika, juu ya mfuniko wa choo, akanishika mkono. Mkunga aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa. Aliuliza kama anavuta sigara. Aline akasema hapana. Aliuliza kuhusu bangi.

 Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba.

"Yes," Aline akasema. "Every morning. For the vomiting."

"Okay, love. Thank you for telling me," mkunga akasema, kwa sauti ile ile aliyoulizia jina la mtaa. "Tutakutafutia dawa nyingine inayofaa zaidi, na mtu atakupigia muongee kuhusu hilo." Tukasikia vidole vyake kwenye kibodi. Halafu akauliza kama kuna dawa yoyote inayomdhuru, au chakula.

Ilikuwa imeisha. Niliutoa mkono wangu polepole, nikapanda ngazi mpaka nyumbani kwangu, nikafunga mlango, nikalia kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia siku ya mazishi.